Weka Mkanda Chini, Soma Ripoti

Juni na Desemba, nyumba nyingi za Tanzania hupata mgeni wa karatasi. Huja amekunjwa mara nne ndani ya daftari, au amebanwa kwa pini kwenye bahasha ya kaki, na mtoto aliyembeba hupata adabu ya ghafla. Anafagia uwanja bila kutumwa. Anaosha vyombo vya leo na vya jana. Anamwamkia hata jirani ambaye mwaka mzima alikuwa akimpita kama mti. Ukiona hivyo, mzazi mwenzangu, ripoti imefika, na mwongozo huu ni wako.

Nilizijaza ripoti hizo miaka kumi na moja nikiwa mwalimu wa darasa katika shule ya msingi. Sasa nazipokea nikiwa na watoto wawili, mmoja msingi, mmoja sekondari. Nimekaa upande wa kalamu na upande wa kusaini, na kosa nililoliona pande zote mbili ni lile lile: tunaisoma ripoti kama hukumu ya mahakama, kumbe ni barua, na barua husubiri majibu.

Tuanze na mahali pa kusomea. Usiisome umesimama mlangoni na viatu miguuni. Usiisome mbele ya shangazi aliyekuja kusalimia, wala ukiwa na njaa, maana njaa huongeza ukali wa D. Kula, nawa mikono, washa taa, kaa. Mtoto naye akae ubavuni pako mtazame karatasi pamoja. Akisimama mbele yako mikono nyuma, tayari umeshamfanya mshtakiwa. Kama kuna mkanda au fimbo ya mpera karibu, ipeleke chumba kingine. Mtihani umeshafanyika na umeshasahihishwa, na hakuna alama iliyowahi kupanda kwa kipigo cha usiku ule.

Sasa ifungue, na usianzie kwenye nafasi.

Najua jicho litakwenda huko lenyewe, kama nzi kwenye embe lililopasuka. "Amekuwa wa ... kati ya wanafunzi ..." Nimewaona wazazi wakiifunika karatasi nzima kwa kiganja wabaki na namba hiyo moja. Kati ya yote yaliyoandikwa pale, hiyo ndiyo inayokwambia machache zaidi kuhusu mwanao. Inakueleza watoto wa watu wengine wamefanya nini, na hao hukuwazaa wewe. Kuwa wa 12 kati ya 38 ni habari moja, wa 12 kati ya 140 ni nyingine kabisa. Wakihamia darasani watoto watatu hodari kutoka mkoa mwingine, wako anaweza kushuka nafasi tatu bila kusahau hata herufi moja.

Jirani yangu alimcharaza kijana wake kwa sababu alitoka wa 14 akawa wa 19. Niliiomba ile karatasi, nikaomba na ya muhula uliotangulia. Wastani wa kwanza ulikuwa 52, wa pili 58. Mtoto alikuwa amepanda alama sita, akachapwa kwa kuwa kuna wenzake waliopanda zaidi. Tulikaa na baba yake tukizitazama karatasi zile mbili sambamba mezani, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Tangu siku hiyo anatunza ripoti zote kwenye faili moja. Nawe fanya hivyo: ripoti moja peke yake ni bubu, inasema ikiwekwa kando ya iliyotangulia. Mpime mtoto kwa mtoto yule yule wa miezi sita iliyopita.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza mwezi Januari 2023 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, halikutaja shule kumi bora wala wanafunzi bora kama tulivyozoea kusikia redioni miaka yote. Kama taifa limeweza kuishi bila foleni ile, sebule yako nayo itaweza.

Halafu alama. Kabla ya kufurahi au kununa, tafuta zimehesabiwa juu ya ngapi. Chukua 41. Katika mtihani wa darasa la saba kila somo lina alama 50, na shule nyingi za msingi hupima hivyo hivyo. Hapo 41 ni A. Shule ya msingi ya mtaa wa pili inatahini kwa 100. Kwao 41 ni C, tena C iliyokanyaga kizingiti tu. Kaka mtu aliye kidato cha pili akileta 41, hiyo ni D, kwa kuwa sekondari C inaanzia 45. Watoto watatu wa nyumba moja wanaweza kuleta namba moja siku moja, mmoja akastahili pongezi, mmoja maswali, na mmoja msaada wa haraka. Kama fomu haionyeshi ni juu ya ngapi, hilo ndilo swali lako la kwanza kwa mwalimu, na usilionee haya.

Sekondari kuna mtego mwingine unaoitwa pointi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya nne ni 26 hadi 33. Namjua baba aliyemchinjia kuku mtoto wa pointi 31 na kumnunia binti aliyeleta 19. Hakuwa mjinga, ni fundi seremala mzuri sana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza, na fomu yenyewe haikuwa na mstari hata mmoja wa maelezo. Tena mifumo hubadilika: matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitolewa kwa GPA, mwaka 2016 tukarudishiwa divisheni. Shule inayompa mzazi ripoti bila kumpa ufunguo wa kuisomea imempa kufuli.

Na hapa kwenye kidato cha kwanza naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona machozi mengi. Mtoto amemaliza darasa la saba katika shule ya serikali, Sayansi ana B, mtaa mzima unamwita daktari. Anakwenda sekondari. Juni inafika ripoti: Biolojia 33, Fizikia 27, Jiografia 35, Kiswahili 74. Nyumbani wanasema amepata marafiki wabaya, simu imemharibu, sekondari imempandisha kichwa. Itazame tena karatasi. Somo lililosimama wima peke yake ni Kiswahili. Kuanzia kidato cha kwanza masomo mengine karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo katika shule ya msingi mtoto huyo aliisoma kama somo moja tu la ratiba. Yule mtoto aliyejua mmea unatengenezaje chakula bado anajua. Kilichompotea ni maneno ya kulisomea swali. Kumwambia aongeze bidii katika Biolojia ni kumwongezea mafuta mtu ambaye gari lake limepasuka gurudumu. Anahitaji kamusi, vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, mtu wa kumsomea na kumsahihisha kila jioni nusu saa, na subira yako ya mwaka mzima. Ukimvunja moyo mwezi huo wa Juni, wengine hawarudi tena.

Mahudhurio yako chini, kwenye kona, na huwa hayasomwi. Yasome. Kalenda ya shule zetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Anayekosa siku moja tu kila wiki, iwe ya soko, ya kufua au ya kumwangalia mdogo wake, mwisho wa mwaka amekosa karibu siku arobaini, yaani wiki nane nzima. Ukikuta siku alizohudhuria ni chache kuliko unazozijua wewe, una mazungumzo mengine kabisa ya kufanya na mtoto wako, na yafanye kwa upole: wapo wanaoikimbia shule kwa sababu ya mtu fulani aliyepo njiani au aliyepo darasani.

Tufike kwenye maoni ya mwalimu. Hapa nawasaliti kidogo wenzangu, lakini naamini watanisamehe.

Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 94. Masomo sita kwa watoto 94 ni alama 564 za kuhamisha kwa mkono kutoka kwenye orodha kwenda kwenye fomu, na ukikosea moja unachukua fomu mpya au unafuta kwa wembe. Kazi hii hufanyika siku mbili tatu kabla ya kufunga shule, mara nyingi usiku, nyumbani, kwenye meza ile ile ya chakula. Ukifika kwenye mstari wa maoni mkono umekufa ganzi. Ndipo inapoingia "Ongeza bidii". Ina maneno mawili, inamfaa kila mtoto, na haikosolewi na mtu. Nimeiandika mara mamia. Ukiiona kwenye ripoti ya mwanao, isome hivi: mwalimu hakupata nafasi ya kumfikiria mtoto huyu peke yake. Basi mpe nafasi hiyo. Nenda ukamuulize, kwa heshima, "Mwalimu, bidii hiyo aiongeze wapi?" Utashangaa jinsi anavyomjua mwanao akipewa dakika tano na jina moja badala ya usiku mmoja na majina 94.

"Amejitahidi" wazazi huidharau, wakidhani ni salamu ya kumfariji aliyeshindwa. Mimi niliiandika kwa mtoto aliyetoka chini sana akapanda, na niliipima kabla ya kuiandika. Ukiiona, mpongeze mtoto siku hiyo hiyo. "Anaweza kufanya vizuri zaidi" ina maana darasani anajibu vizuri, kwenye karatasi anapotea. Ulizia kama anamaliza mtihani kwa wakati, kama anaelewa maswali, kama hati yake inasomeka. "Hafifu" si maoni, ni jina jingine la alama ambayo umeshaiona. Mwalimu aliyeandika hivyo bado anakudai sentensi. Na "Mzazi fuatilia" ndiyo nzito kuliko zote. Mwalimu huiandika anapojua jambo ambalo hawezi kuliweka kwenye karatasi itakayobebwa na mtoto mwenyewe. Usitume mtu. Usipige simu. Nenda, tena wiki ile ile.

Sasa nieleze kwa nini nasema ripoti ni barua.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la tano. Ripoti yake ilikuwa na sura ya ajabu: Kiswahili 42 juu ya 50, Maarifa ya Jamii 38, Hisabati 13. Muhula uliotangulia Hisabati ilikuwa 14, na kabla yake 15. Mara tatu mfululizo niliandika "Ongeza bidii katika Hisabati", nikapiga mstari chini yake. Mahudhurio yake yalikuwa mazuri, kwa kuwa daftari langu lilijua mambo mawili tu, yupo au hayupo. Siku ya kufungua shule fomu zilirudi, kipande cha chini kikiwa na sahihi, karibu zote bila neno. Ya kwake ilikuwa na mwandiko wa mtu mzima wa kuazima, kalamu ya kijani: "Mwalimu, mjukuu wangu anaamka saa kumi tunakaanga maandazi. Anayapeleka kituoni ndiyo anakuja shule. Mimi miguu haiwezi. Msimpige kwa kuchelewa."

Nilichukua ratiba ya darasa. Hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza na cha pili, siku nne kwa wiki, kama ilivyo katika shule nyingi, kwa imani kwamba asubuhi akili imetulia. Mvulana yule alikuwa akifika saa mbili na nusu, anasimamishwa getini na mwalimu wa zamu, anaokota karatasi uwanjani kwa adhabu, anaingia darasani somo linaisha. Kiswahili nilikifundisha mimi baada ya mapumziko. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa katika ripoti ile niliyoijaza kwa mkono wangu: masomo ya mchana yamesimama, somo la asubuhi limeanguka. Nilikuwa nimemwandikia "ongeza bidii" mtoto aliyekuwa ameamka kabla yangu.

Nilikwenda kwa bibi yake jioni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwalimu, karibu, kaa hapo penye kivuli." Hakulaumu. Alinipa maandazi mawili kwenye kikaratasi na kuniuliza kama mtoto ana akili. Nilimwambia anayo nyingi. Mwalimu wa taaluma alikubali kuhamishia Hisabati ya siku mbili baada ya mapumziko, na jirani mwenye baiskeli akapeleka maandazi siku mbili nyingine. Muhula uliofuata mvulana alipata 22. Ni C, hakuna aliyempigia makofi mkutanoni. Lakini mistari minne ya bibi asiyejua kuandika ilifanya kazi ambayo maoni yangu ya miezi kumi na minane hayakuifanya.

Kuhusu sehemu ya tabia sina mengi. Usafi, utii, ushirikiano, uaminifu, kila moja na herufi yake. Ukikuta "Utii: C", usikimbilie kugomba. Muulize mwalimu mtoto alifanya nini hasa. Baadhi ya watoto waliopata C hiyo katika shule nilizofundisha walikuwa na kosa moja tu, kuuliza "kwa nini" mara mbili.

Siku hizi shule nyingi hutuma matokeo kwa ujumbe wa simu: HIS 26 KIS 40 SAY 33, nafasi, ada inayodaiwa, basi. Ni haraka, na kwa mzazi aliye mbali ni msaada mkubwa. Ila katika safari hiyo yamedondoka mahudhurio, maoni, tabia na mahali pa mzazi kujibu, ikabaki namba na nafasi, vile vile viwili tunavyovisoma vibaya. Ukipata ujumbe, bado dai karatasi. Na uongozi wa shule unaobandika matokeo ya darasa zima, majina na alama, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, naomba uache. Tangu Mei 2023 nchi hii ina sheria inayolinda taarifa binafsi za watu. Hata isingekuwepo, mtoto wa mwisho darasani ana mama yake ndani ya kundi lile, na mama huyo anasoma majina yote hadi anapofika chini.

Imebaki kazi moja. Geuza fomu, au tazama chini kabisa, penye vitone: "Maoni ya mzazi/mlezi." Hapo wazazi wengi huandika "Nimeona", au huacha wazi, au mtoto humwomba dada wa kazi amchoree sahihi. Mahali hapo ni pako, na ni pa pekee katika karatasi nzima ambapo mwalimu anajifunza jambo asilolijua. Yeye hajui kwamba umeme ulikatwa tangu Septemba, kwamba baba amehamia Mwanza kikazi na mtoto halali vizuri, kwamba anaomba kukaa mbele kwa sababu macho yanamuuma. Hajui pia kwamba jioni anawasomea wadogo zake hadithi na kuwaigizia sauti za fisi na sungura, na hilo angependa sana kulijua. Usiandike insha. Mistari miwili inatosha, kwa Kiswahili cha nyumbani. Kama huandiki, mwambie mtu akuandikie, kama alivyofanya yule bibi.

Halafu saini mwenyewe, weka tarehe, na siku ya kufungua shule hakikisha kipande hicho kimerudi. Kisipojibiwa hadi wiki ya pili, nenda ukaulize kama kimesomwa.